Mkono Usiopigwa Pasi

Tulipofika Segera mume wangu alikuwa ameshaamua kwamba dereva wetu ana goti bovu.

Dereva mwenyewe hakuwepo. Elinami alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amekunja mikono juu ya kitambi, na usukani unajizungusha mbele yake bila kumwomba ruhusa. Mimi nilikuwa kushoto kwake na bakuli la karanga. Nyuma yetu kulikuwa na kitanda, jiko la gesi, choo cha kukunjwa, na mapazia ambayo aliyeyachagua angestahili kuonywa. Watu huyaita magari haya konokono, kwa kuwa yanatembea na nyumba mgongoni. Tulilikodi Korogwe asubuhi ile, na tulikuwa na likizo ya kutosha kulifikisha Kasanga, kule ziwa Tanganyika, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupaona.

"Sikia breki hiyo," Elinami akasema. "Anaanza mapema, anaachia, anabonyeza tena. Mguu unamuuma. Goti hilo."

"Au alifundishwa hivyo."

"Hakuna anayefundishwa hivyo, mama Lusajo. Hilo linafundishwa na baridi. Huyu ni mtu wa Nyanda za Juu, na alikuwa dereva wa lori. Angalia anavyoangalia mbali."

"Haangalii, baba Lusajo. Ni gari."

"Anaangalia," akasema, akachukua karanga zangu.

Elinami ni Mpare wa Same, na kama Wapare wote ninaowatania, hawezi kuiacha kesi mpaka ihukumiwe. Ameendesha basi la Arusha na Dar es Salaam tangu kabla hatujaoana. Kwa hiyo yeye kukaa kwenye kiti cha dereva na kuendeshwa ilikuwa burudani ambayo hakuitegemea. Tulipofika Chalinze alikuwa ameshaongeza kwamba mtu wetu havuti sigara, hapendi kuyapita magari mengine mchana wa jua kali, na huenda ana mke mkali. Nilimuuliza hilo la mke amelijuaje. Akasema mtu asiye na mke mkali hasimami kabisa penye alama ya kusimama.

Mimi nilikuwa nacheka, lakini nilikuwa nacheka kwa nusu. Kusoma tabia za madereva wasiokuwepo ndiyo kazi yangu, na nilikuwa nimeapa kwamba kazi naiacha nyumbani.

Magari ya kwanza ya kujiendesha yaliyoletwa nchini yalikuwa yamejifunzia kwenye barabara za watu wengine. Yalisimama kila penye mbuzi. Yalisubiri bodaboda zipite, na bodaboda hazikwisha. Harusi ikikatiza na matarumbeta yake, gari lilizima na kuomba msaada. Ndipo yakaanza makampuni ya kununua mikono. Dereva mzoefu anakalishwa miaka miwili kwenye kiti chenye vihisio, akiendelea na kazi yake ya kila siku, na kila anachokifanya kwa mikono, miguu, shingo na macho kinanakiliwa. Kisha kinatiwa kwenye gari. Mkono mmoja mzuri unaweza kuendesha magari mengi kwa wakati mmoja, hata mwenyewe akiwa amestaafu, hata akiwa amekufa. Jina lake haliruhusiwi kutajwa. Unabaki mkono tu.

Shida ni kwamba mtu akinakiliwa, ananakiliwa mzima. Yupo anayepunguza mwendo mbele ya baa aliyoacha kuingia miaka mingi iliyopita. Yupo anayekwepa shimo lililokwisha kuzibwa. Vitu hivyo tunaviita mikunjo, na sisi tunaoviondoa tunaitwa wapiga pasi. Mkunjo ulio wa kawaida kuliko yote ni mkono wa kushoto kuachia usukani wakati wa breki ya ghafla, pale hasa unapohitajika. Kwenye mwongozo wetu unaitwa ulegevu. Nimeondoa ulegevu mara nyingi kiasi kwamba siku hizi nauondoa huku nawaza mboga ya jioni.

Na kampuni yangu ilikuwa inautaka mkono wa Elinami. Alikuwa ameahidi kuwajibu tukirudi, na mimi nilikuwa namsukuma asaini.

"Nani atanipiga pasi?" aliniuliza tulipokuwa tunaiacha Chalinze, kama mtu anayeuliza hali ya hewa.

"Mwingine. Mke haruhusiwi."

"Afadhali. Wewe ungenibakiza honi tu."

*

Morogoro tuliegesha kwenye uwanja wa konokono chini ya milima ya Uluguru, jua likiwa bado lipo. Elinami akajitolea kupika. Hapo ndipo nilipojua nimefanya kosa, kwa sababu kishikwambi changu cha kazi, ile pasi yenyewe, nilikuwa nimekificha ndani ya mfuko wa mchele, mahali ambapo kwa miaka yote ya ndoa yetu mume wangu hakuwahi kutia mkono.

Alikitoa, akakipangusa pumba, akakiweka mezani kati yetu.

"Uliapa," akasema.

"Niliapa sitafanya kazi. Sikuapa sitakibeba."

Nilitegemea anune. Badala yake alivuta kiti. "Basi kifungue. Tumwone huyu bwana."

Nilimwambia ndani hakuna picha wala jina, ataona mistari tu. Akasema anataka kuona mistari. Ukweli ni kwamba na mimi nilitaka. Siku nzima nilikuwa naisikia ile breki ya hatua mbili, na sijawahi kukutana na mkono unaobembeleza kiasi kile. Mikono ninayoijua mimi huwa imenyooka, kwa kuwa nimeinyoosha mwenyewe.

Nikaunganisha pasi na gari. Mistari ikajaa kiooni, na kabla sijasoma hata mmoja nikaona kilichokosekana. Kila mkono uliosafishwa una muhuri wa mpiga pasi wake. Huu haukuwa na muhuri. Ulinunuliwa na kampuni ndogo iliyokwisha kufungwa, ukauzwa pamoja na viti na meza zake, ukatiwa barabarani kama ulivyo. Wakati ule ulikuwa unaendesha zaidi ya magari sitini, mengi malori ya barabara ya Tunduma.

"Ndiyo maana tumeukodi rahisi," nikasema. "Huu mkono haujapigwa pasi kabisa, baba Lusajo. Natakiwa kuusafisha au kuutolea taarifa. Nikinyamaza na gari likaua mtu, kosa ni langu."

"Usiku huu?"

"Sasa hivi."

Alikoroga wali ambao haukuhitaji kukorogwa. "Umewahi kukutana na mtu mzima? Kabla hamjamnyoosha?"

"Hapana. Mimi huletewa vipande vipande."

"Basi tumfahamu. Mpaka Iringa tu. Tukifika Iringa fanya kazi yako, sitasema neno."

Kwa mwaka mzima alikuwa akinidai likizo hii, naye kwa kawaida haombi mara mbili. Na mimi nilikuwa nataka kujua. Nikafunga pasi, nikasema mpaka Iringa.

Wali uliungua kidogo chini, nasi tukala hivyo hivyo.

*

Siku ya pili ilikuwa nzuri, na ninalisema hilo bila aibu. Mikumi mkono ulipunguza mwendo mahali pasipo na mnyama yeyote, na tulipobishana kwa nini, ngiri na watoto wake wakatoka majanini mkia juu. Kwenye bonde la Ruaha ulifungua kioo cha dirisha wenyewe, dirisha la kulia peke yake, na harufu ya vitunguu ikaingia. Elinami akacheka mpaka akafuta macho. "Anapenda harufu ya vitunguu," akasema. "Mpaka leo anapenda."

Kwenye mlima wa Kitonga aliacha utani. Mlima ule unamjua kila dereva, na madereva wasioujua majina yao yako chini kwenye makorongo. Mkono uliushika mlima taratibu, ukachagua gia kabla injini haijaanza kulalamika, ukaacha nafasi kwa malori yanayoshuka kana kwamba kila moja lina ndugu yake ndani. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anaifuata kila gia kwa vidole vyake juu ya paja, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemsikiliza mwalimu.

Ilula tulinunua nyanya. Baada ya hapo ukungu ukaanza kushuka, mwepesi kwanza, kisha mzito, na kibao cha kijiji cha Kihanzi kikatokea na kupotea.

Hapo ndipo gari lilipopiga honi. Mbili fupi, moja ndefu.

"Nani?" nikauliza, kwa sababu barabarani hapakuwa na mtu.

Konokono likapunguza mwendo. Kisha, taratibu, bila wasiwasi wowote, likavuka mstari wa katikati na kwenda kujipanga upande wa kulia wa barabara, upande wa wanaokuja, mbele ya nyumba yenye mlango wa buluu. Dirisha la Elinami likashuka. Na kutoka ndani ya ukungu likaja basi.

Lilitupita kwa kukwaruza kioo cha kushoto, upande wangu, honi yake ikilia mpaka mbali. Elinami alikuwa ameshashika usukani na kutupeleka kwenye majani. Karanga zilikuwa zimemwagika kote.

"Hatufiki Iringa," nikasema. "Naufunga hapa hapa."

"Subiri."

"Baba Lusajo, tumekaribia kufa."

"Najua. Mimi ndiye niliyeliona." Alikuwa anatazama nyumba. "Lakini amekuja hapa makusudi. Ukiufuta sasa hatutajua alikuwa anafanya nini, wala hatajua mtu mwingine yeyote. Dakika chache tu. Ukiniambia hutaki kujua, ufute."

Nilikuwa nimemkasirikia, na nilitaka kujua. Nikateremka.

*

Mwanamke wa nyumba ile hakutoka kuja kutupokea. Alikuwa amekaa barazani na ungo wa njegere mapajani, amejitanda shuka zito, umri wa kuamkiwa shikamoo bila kufikiri. Tukamwamkia. Akatuitikia, akaongeza "kamwene", salamu ya kwao, kisha akaendelea kumenya.

"Mmeharibikiwa na gari?" akauliza.

"Hapana, mama," nikasema. "Gari lilivuka lenyewe. Likapiga honi."

"Nimelisikia. La tano tangu asubuhi."

Akatusogezea mkeka. Jina lake alisema ni Otilia Kikoti. Nilimweleza mimi ni nani na kazi yangu ni ipi, na nilikuwa naanza kueleza mikono inavyonakiliwa ndipo aliponikatiza kwa upole.

"Mwanangu, najua. Longino aliniambia mwenyewe. Alirudi akasema, mke wangu, nimewauzia mkono. Nikamuuliza, na huo ulionao je? Tukacheka sana." Alipapasa maganda. "Alikuwa anasumbuliwa na goti."

Elinami hakunitazama, na nilimshukuru kwa hilo.

Longino alikuwa anabeba mizigo kwenda Tunduma. Mwenye lori alikataza kusimama njiani, hivyo akipita nyumbani alipunguza mwendo tu. Alivuka upande wa pili ili mkewe asivuke barabara, akashusha kioo, akapokea kifurushi cha chakula, akaenda. Honi ilikuwa ya kumwita barazani. Na siku aliporuhusiwa kulaza lori Iringa, honi ile ile ilikuwa na maana nyingine: weka maji ya kuoga jikoni, nitarudi kwa bodaboda kabla hayajapoa. Huku kwao maji ya kuoga si jambo dogo.

"Alipokufa nilimzika pale nyuma," Mama Otilia akasema. "Wiki ile ile nikasikia mbili fupi, moja ndefu. Nilikimbia. Nikakuta lori halina mtu, kioo kimeshuka, linanisubiri nilipatie kifurushi."

"Ukafanya nini, mama?" Elinami akauliza.

"Nikaweka maji jikoni." Alisema hivyo bila aibu. "Muda mrefu nilikuwa nayaweka. Kisha nikaacha kuyaweka nikawa natoka tu kuangalia. Sasa hata kutoka sitoki. Lakini moyo hauachi. Nikisikia, unaruka kabla akili haijaufikia kuukamata. Mara tano, mara kumi kwa siku. Mume wangu anapita na hashuki."

Elinami alikuwa ameniambia, tukiwa kwenye majani, kwamba tukimkuta mtu tutamwambia habari njema, kuwa dereva wake bado anaikumbuka nyumba hii. Nilimwona akiitafuta habari hiyo na asijue ameiweka wapi.

"Ninaweza kuiondoa," nikamwambia. "Honi, na kuvuka barabara. Huko kuvuka lazima kuondoke, mama, leo tumeponea chupuchupu. Sheria inasema niondoe yote. Magari yote yatapita hapa kama yanavyopita kwingine."

Alirudia kumenya. Njegere zilikuwa zinaanguka kwenye ungo moja moja.

"Ukiiondoa," akasema, "nitakuwa nimemfukuza."

"Na nikiiacha?"

"Utakuwa umeniacha hivi hivi nilivyo." Akaweka ungo chini. "Mnaniuliza mimi kana kwamba nalijua jambo hili. Mimi nalijua la huku barazani tu. La huko ndani silijui. Hakuwahi kunipandisha, mwenye lori alikataza abiria, naye alikuwa mtu wa sheria mpaka kero." Akalitazama konokono pale kwenye majani, na kwa mara ya kwanza uso wake ukawa na hamu ya kitu. "Huko ndani kukoje?"

*

Niliufunga usukani kwa pasi ili gari lisiweze kuvuka mstari, na kila kitu kingine nikakiacha kama kilivyokuwa. Elinami aliturudisha mwenyewe hadi kwenye kibao cha Kihanzi, akageuza, akampisha Mama Otilia kiti cha dereva. Nilimfunga mkanda juu ya shuka lake. Ukungu ulikuwa umenyanyuka kiasi cha kuona njia.

Alishika usukani kwa vidole viwili, kwa adabu, kama unavyoshika mkono wa mtu aliyelala. Ulipozunguka hakuushikilia. Aliufuata.

"Ni mwepesi," akasema.

Gari lilikwenda. Nyumba yenye mlango wa buluu ikatokea upande wa kulia, na honi ikalia, mbili fupi, moja ndefu. Nilimwona akishtuka hata pale, hata akiwa yeye ndiye aliyekaa kwenye honi. Mwendo ukapungua. Dirisha likashuka na ubaridi ukaingia. Baraza lake likapita karibu, na mkeka wetu, na ungo. Kisha gari likaanza tena kuongeza mwendo, nikadhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Kioo cha pembeni cha kulia kikajigeuza, kidogo kidogo, kikaiokota nyumba na kuibeba. Barabara ilipopinda kikapinda nayo. Baraza lilikuwa ndani ya kioo kile, dogo, kisha dogo zaidi, na gari lilikuwa linakwenda polepole kuliko barabara ilivyohitaji, mpaka kona ya miti ya misindano ilipolichukua. Hapo kioo kikarudi mahali pake na gari likaenda kama magari mengine.

Nilikuwa nimeuona mstari huo jana Morogoro, miongoni mwa mistari mingine. Nisingesita hata kidogo kuufuta.

Mama Otilia aliendelea kukitazama kioo ambacho sasa kilikuwa na barabara tu.

"Alikuwa anaangalia mpaka hapa?" akauliza.

"Kila mara," nikasema.

"Mimi nilikuwa nageuka." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Sikupenda kuona lori likipotea. Akishapokea kifurushi nilikuwa nageuka kwanza, narudi ndani. Nilisema huyu naye ameshatia akili barabarani, ameshanisahau." Akavuta shuka. "Miaka yote hiyo alikuwa ananiona mgongo."

Elinami alikuwa nyuma, ameketi kwenye ukingo wa kitanda, anasoma mapazia.

Tulipomrudisha barazani hakutaka kushikwa mkono kushuka. Alisimama, akalipapasa konokono ubavuni, kisha akanigeukia.

"Kuvuka toa," akasema. "Asije akaua mtoto wa mtu kwa ajili ya wali wangu. Na honi toa. Nataka kumenya njegere." Akakitazama kioo cha pembeni. "Kile kioo kinaua mtu?"

"Hapana, mama. Hakimsumbui yeyote. Abiria hatagundua."

"Basi kiache."

Nikakaa kwenye ngazi ya konokono na pasi magotini. Nikaondoa kuvuka, nikaondoa honi, nikaondoa dirisha la kifurushi. Nilikwenda mstari kwa mstari, ule unaotisha na ule usiotisha. Harufu ya vitunguu ya Ruaha niliiacha pia, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kuasi na sikuona sababu ya kuasi kidogo. Halafu ikaja sehemu ya muhuri, ambapo mpiga pasi anaandika kwamba mkono ni safi na hauna mkunjo wowote. Wakigundua nitapoteza leseni, na hiyo ndiyo kazi pekee niliyosomea. Niliogopa kwelikweli. Nikapiga muhuri.

Mkono uliosafishwa huyafikia magari yote yanapopumzika. Tulikaa barazani tukala njegere na chai mpaka lori la sita lilipokuja kutoka bondeni, limeshapata pasi yake huko lilikopumzika. Lilipita bila honi. Mama Otilia hakuinua kichwa. Lilipokuwa limeshapita, aliinuka, akasimama ukingoni mwa baraza, akakikabili kioo chake uso kwa uso, na hakugeuka mpaka lilipofika kwenye misindano.

*

"Zima mkono," Elinami akasema tulipoingia ndani ya gari. "Naendesha mimi."

Sikubisha. Tuliipita Iringa bila kusimama, na hakuna aliyetaja kwamba ndiko tulikokubaliana nifanye kazi yangu. Jua lilikuwa limetoka. Nilikuwa nimechoka na kuogopa, na bado nilikuwa na hamu ya ajabu ya kuangalia, lakini sasa nilikuwa namwangalia yeye. Miaka yote hiyo sijawahi kukaa kando yake akiwa kazini. Abiria wa basi hukaa nyuma, na nyumbani hatukuwahi kuwa na gari.

Anavuta pumzi kabla ya kona. Anawapungia madereva wa mabasi hata kama basi halina dereva. Kwenye mteremko anaimba, sauti ya chini, wimbo usio na maneno, na ukiisha mteremko anaacha katikati.

"Unaninyoosha?" akauliza bila kugeuka.

"Nakuangalia tu."

"Unanikuta na mikunjo?"

"Mingi."

Akacheka. Tulikuwa tunaikaribia Ifunda, mashamba yamefunguka pande zote, na nilikuwa naokota karanga zilizobaki sakafuni nilipoinuka na kuona mbuzi. Walitoka korongoni wote kwa pamoja, kundi zima, katikati ya barabara. Elinami alikanyaga breki. Gari lilipiga kelele, sufuria nyuma zikaanguka, na mimi nikarushwa mbele.

Sikufika mbele. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshaacha usukani na kujibandika kifuani kwangu, wazi, vidole vimetanuka, umenikandamiza kwenye kiti kana kwamba ungeweza kunizuia. Mkanda nilikuwa nimefunga. Mkono ule haukuwa na kazi yoyote pale, na ulikuwa pale kabla breki haijashika.

Gari likasimama. Mbuzi wakapita, mmoja akatutazama kwa dharau. Elinami akarudisha mkono kwenye usukani na kuanza kuwasema wachungaji wa mkoa mzima.

Mimi nilikuwa bado nimekaa pale aliponibana. Nilikuwa naikumbuka mikono yote niliyoitoa ulegevu, mmoja baada ya mwingine, huku nawaza mboga. Sikuwahi kujiuliza kushoto alikuwa amekaa nani.

"Huo mkono huwa unaufanya hivyo kila siku?" nikamuuliza.

"Mkono gani?"

Hakuwa anatania. Nilimtazama vizuri, na kweli hakujua.

"Tukirudi usisaini kwanza," nikasema.

"Kwa nini? Si wewe uliyekuwa unanisukuma?"

"Kwa sababu nawajua wapiga pasi."